Kabati la Sebuleni Halitolewi Zaka

Mwislamu ambaye akiba yake imefikia kiwango na kukaa mwaka mzima wa mwandamo anajua hesabu yake: asilimia mbili na nusu, shilingi 25,000 katika kila milioni. Mkristo anayetoa fungu la kumi naye hana fumbo la kufumbua. Bahasha ipo, namba yake ipo, mhazini anamjua kwa jina. Lakini hakuna sheikh wala mchungaji atakayekuja kuhesabu makochi yako. Kitanda, vyombo, nguo na runinga ya kutazama mwenyewe havimo katika mali inayotolewa zaka, na sijapata kuona bahasha ya kanisani iliyoandikwa "kabati". Fedha inayoingia mfukoni ina wa kuiulizia. Kitu kikishavuka kizingiti cha nyumba, hakuna tena anayekiulizia.

Ndiyo maana unamkuta mtu mwadilifu, hakosi sala, hadhulumu, hapitwi na msiba wa jirani, naye ana deki mbili zilizokufa juu ya kabati, maboksi ya kaseti uvunguni, runinga ya chogo stoo, na begi la nguo ambazo mwanawe aliye chuo kikuu alizivaa chekechea. Wala si mchoyo. Hajaulizwa tu, na yeye mwenyewe hajajiuliza. Nataka kumuuliza leo, kisha nifuatane naye mpaka vitu vitoke mlangoni, maana wengi moyo wa kutoa wanao. Wanachokosa ni pa kuanzia.

Anza na msimu wa dini yako. Sisi wa Pwani tuna kuvunja jungu: siku za mwisho za Shaabani watu hupika, hucheza, hwenda ufukweni, wakijua kwamba mwezi unaofuata starehe zitapumzika. Wakristo wana Kwaresima, siku 40 ambazo mtu hujinyima nyama, au bia, au tamthilia anayoifuatilia kila jioni. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 18 Februari, na Ramadhani ikaanza wiki hiyo hiyo, hata zile nyumba za Dar es Salaam ambamo shangazi ni Mwislamu na shemeji ni Mkatoliki zikajikuta zinafunga pamoja. Faida ya msimu ni kuwa umekwisha kujipima bila kukusudia. Kitu ambacho hukukiwasha, hukukigusa wala hukukikumbuka mwezi mzima, jibu lake umeshalipata. Usivihukumu vitu vya starehe siku ya usafi, umechoka na vumbi limekujaa puani. Siku hiyo utatupa vizuri na kubakiza vibovu. Vihukumu mfungo unapokaribia kwisha.

Kanuni ya kwanza sitaipunguza makali: toa kitu kingali kinatumika. Qurani inakataza mtu kuchagua kilicho kibovu katika mali yake akakitoa, kitu ambacho yeye mwenyewe akipewa angekipokea kwa kufumba macho, na mahali pengine inasema wema haufikiwi mpaka mtu atoe katika vile anavyovipenda. Katika Injili ya Luka, Yohana Mbatizaji anamwambia mwenye kanzu mbili amgawie asiye nayo. Hakusema ile iliyochanika. Hata zaka ya fitri hupimwa kwa chakula kikuu cha mji, pishi kwa kila kichwa, na anayekula mchele safi hatazamiwi kupeleka chenga zenye wadudu. Kwa hiyo pasi isiyoshika moto si sadaka. Ni taka iliyohamishwa, ili maskini ndiye aende kuitupa.

Ukiikubali kanuni hiyo umeshakubali na nyingine isiyofurahisha: kutoa ni lazima kuwe mapema. Itazame runinga. Zanzibar ilianza kurusha televisheni mwaka 1973, tena ya rangi. Bara tulisubiri mpaka 1994 ndipo ITV ikaja. Ilikuwa mali hasa. Ilifunikwa kitambaa cha kufuma, ikawekwa ndani ya shokesi yenye kufuli, na watoto wa mtaa wakakalishwa chini, wavue viatu. Kisha tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ikazimwa Dar es Salaam, kila nyumba ikatafuta king'amuzi, na runinga bapa zikaanza kushuka bei. Aliyegawa TV yake ya chogo wakati ule alimpa mtu furaha ya miaka. Anayetaka kuigawa leo hapati wa kuipokea; fundi ataangalia waya wa shaba tu uliomo ndani. Kitu ni kile kile, kukawia ndiko kulikokigeuza mzigo.

Kama unayo bado, usiivunje. Kioo chake kina madini ya risasi, ndani hamna hewa hivyo kikipasuka vipande huruka, na umeme hubaki humo hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Usimwachie kijana wa vyuma chakavu aipasulie uani kwako huku watoto wamemzunguka. Ipeleke kwa fundi wa runinga anayechukua spea, au uliza ofisi ya mtaa taka za kielektroniki zinapokelewa wapi.

Kaseti ni habari nyingine, na hapa naomba utulie. Ndani ya boksi moja mna aina mbili zinazofanana kwa sura. Kuna kaseti ya dukani: bendi, taarabu, kwaya, kaswida. Hizo zilitolewa kwa wingi, na nyimbo nyingi za Mbaraka Mwinshehe au Mlimani Park leo unazipata kwenye simu. Redio Tanzania ndiyo iliyokuwa ikirekodi bendi zetu kwa miaka mingi, na kanda zake ziko TBC. Halafu kuna kaseti ya nyumbani. Harusi ya mwaka 1988. Mawaidha ya sheikh wa mtaa ambaye jina lake halikuvuka kata. Bibi anasimulia ukoo ulivyohama. Mjomba aliyekuwa Muscat anatuma salamu kwa sauti, anataja kila mtu kwa jina, kisha anaanza kulia na kuzima redio. Jiulize juu ya kila moja: hii ikipotea, ipo kwingine? Ikiwa ipo, igawe, iuze, itupe, usijisumbue nayo. Ikiwa haipo, haitoki nyumbani kabla sauti haijahamishwa.

Kuhamisha si kazi ya wataalamu peke yao. Tazama mgongo wa kaseti, utaona vijimeno viwili vya plastiki. Vivunje, na hakuna tena atakayerekodi juu yake kwa bahati mbaya. Ukaguzi wa utepe ndio unaofuata. Ukiona unga mweupe, ni ukungu wa unyevu wetu wa Pwani: usiicheze, itachafua redio na redio itachafua kaseti nyingine zote, hiyo mpelekee fundi. Isiyo na ukungu izungushe mpaka mwisho kisha uirudishe mwanzo kabla ya kuisikiliza, ili utepe ulioganda kwa miaka ulegee. Baada ya hapo ni waya mmoja kutoka tundu la spika za masikioni la redio kaseti hadi kwenye kompyuta. Kaseti ya dakika 60 itachukua dakika 60, hakuna njia ya mkato, na mimi naona ni afadhali iwe hivyo kwa sababu inakulazimisha kukaa na kusikiliza. Ukisikiliza, andika majina ya wanaosikika. Muulize shangazi angali hai ni nani yule anayecheka kwa nyuma, maana kesho hatakuwapo wa kukujibu. Nakala iweke pawili: moja kwako, nyingine kwa ndugu anayeishi nyumba nyingine. Flashi hufa bila kuaga.

Sauti ikishakaa salama, plastiki ni plastiki. Itoe.

Ipo njia moja ya kuachana na burudani ambayo siipendi, nayo ni moto wa hamasa. Mtu anaokoka Jumapili, au anasikia mawaidha yakamwingia, na jioni anabeba mikanda na santuri za nyumba nzima akazichome uani. Simkatazi yeyote kuacha kile anachoona kinamharibia ibada yake. Hiyo ni haki yake, na pengine ndio ushindi mkubwa wa maisha yake. Ila zile santuri ni za baba mkwe. Huwezi kutubu kwa mali ya mwenzio. Moshi wa plastiki nao unaingia kwa jirani mwenye kichanga, ambaye hakuwamo kwenye mahubiri. Siti binti Saad wa Zanzibar alivuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi, na leo tunajua alivyoimba kwa sababu wapo watu waliozitunza zile santuri kwa miongo mingi, katika mji wenye msikiti kila baada ya hatua chache. Kama unaacha, acha lako. La mwenzio mrudishie. Lisilo na mwenyewe mpe mwenye kulithamini, na kama dhamiri yako hairuhusu kumpa mtu kitu unachokiona kibaya, basi kitupe kimya kimya bila mkutano wa hadhara.

Sasa tuje kwenye vitu vinavyowasumbua waumini kuliko vyote, maana hata mtu mwepesi wa kugawa hapa husita. Msahafu uliochakaa kurasa zikadondoka. Juzuu ya mtoto aliyekwisha kuhitimu madrasa. Biblia yenye jalada lililoliwa na mende. Rozari iliyokatika. Kalenda ya mwaka juzi yenye picha ya Bikira Maria, na nyingine yenye Ayatul Kursiyu. Kadi za harusi zilizoanza kwa Bismillahi. Hakuna anayethubutu kuvitia kwenye ndoo ya taka, kwa hiyo vinarundikwa juu ya kabati, vinanyeshewa paa likivuja, vinatafunwa na panya, na hilo ndilo linalovunja heshima kuliko kuviondoa.

Dini zenyewe zimekwisha kutoa njia. Kwa Waislamu, kurasa zilizochakaa huzikwa mahali safi pasipokanyagwa, zikiwa zimefungwa kitambaa, au huchomwa kwa adabu mpaka zikawa majivu; Khalifa Uthman bin Affan, alipoisambaza nakala moja ya Qurani iliyohakikiwa, aliamuru nakala nyingine zichomwe, na wanazuoni wanaoruhusu kuchoma wanashikilia hapo. Iko misikiti inayopokea kurasa hizo ikaziondoa kwa pamoja, muulize imamu wako. Wakatoliki nao hawatupi jalalani kitu kilichobarikiwa. Hukichoma au hukizika, na maji ya baraka yaliyobaki humwagwa kwenye udongo. Tena wana mfano wanaouona kila mwaka pengine bila kuutia maanani: matawi yaliyobarikiwa Jumapili ya Matawi hukusanywa yakiwa makavu, yakachomwa, na majivu yake ndiyo anayopakwa muumini kwenye paji la uso Jumatano ya Majivu ya mwaka unaofuata. Kwa Waprotestanti hakuna ibada maalumu ya kuaga Biblia chakavu, lakini ukiifunga vizuri na kuizika chini ya mwembe wa nyumbani hakuna atakayekulaumu.

Kalenda na kadi kata ile sehemu yenye aya au picha, ichanganye na kurasa hizo, na karatasi iliyobaki ni karatasi. Nasisitiza kadi kwa sababu najua zinakoishia: mwenye genge anafungia karanga, na jina la Mungu linakwenda mtaroni. Msahafu au Biblia iliyo nzima isiingie kabisa kwenye shimo. Nakala ya tatu inayokaa kabatini ni haki ya mtoto wa madrasa au wa kipaimara asiye na yake.

Vitu vya marehemu vina mpaka wake, na watu wema ndio wanaouvuka zaidi. Msiba haujaanua tanga, tayari wifi amechukua doti za kanga, mdogo wa marehemu amevaa saa, na mtu mwenye huruma amebeba suti kuzipeleka msikitini ziwe sadaka ya marehemu. Kwa sheria ya Kiislamu suti hizo ni mirathi. Kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, na kinachobaki ni cha warithi. Akiwemo mtoto mdogo miongoni mwao, hakuna mtu mzima mwenye ruhusa ya kugawa fungu la mtoto huyo kwa ukarimu, hata kama ni shati moja. Kwa wasio Waislamu, ngojeni msimamizi wa mirathi atambulike. Andikeni orodha, hata kwenye daftari la shule. Mjane aliye katika eda ana miezi minne na siku kumi. Mwacheni na kanzu za mumewe kabatini kama anataka, zinamsaidia kuliko mnavyodhani. Warithi wote wakiridhia, gaweni kwa moyo mweupe.

Simu sitaielezea kwa urefu. Kabla ya kumpa mtu simu ya zamani, hamisha picha, toa laini na memori kadi, ondoa akaunti zako za barua pepe na mitandao, ifute yote irudi kama ilivyotoka kiwandani. Laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole vyako na ndani yake mna fedha zako. Atakayeipata akaitumia vibaya, wewe ndiye utakayeitwa.

Kuuza si dhambi, na nashangaa watu wanavyoona haya. Kama kitu kina bei, piga bei, kisha fedha ndiyo uitoe sadaka. Kituo cha watoto kinaweza kununulia dawa fedha hiyo, hakiwezi kunywesha watoto redio. Nguo ni hivyo hivyo. Wauza mitumba wananunua, na nguo itamfikia mtu aliyeichagua mwenyewe na kuilipia kidogo, akaivaa bila kumshukuru mtu. Kuna utu ndani ya hilo.

Na dada wa kazi? Ndiye wa kwanza tunayemkumbuka tunapotaka kupunguza nguo, na ndiye tunayemkosea. Ukimpa gauni, mpe kama zawadi, siku isiyo ya mshahara, na mwache huru kulikataa. Gauni halijazi pengo la mshahara uliochelewa. Mtu anayempunja msichana wake wa kazi elfu ishirini kisha akamvisha nguo zake za zamani ajue kwamba bado anadaiwa elfu ishirini.

Watoto wako wahusishe, lakini usiwageuze vyombo vya wema wako. Nimeona mzazi akigawa baiskeli ya mwanawe wakati mtoto yuko shuleni, ili amfunze ukarimu. Alichojifunza mtoto ni kuficha. Mwulize, na akisema hapana, iwe hapana mpaka mwakani. Akimwona baba yake anatoa redio anayoipenda, ile ambayo kila Jumapili husikiliza mpira, na kumpa mlinzi wa usiku asiye na kitu cha kumkesheza, hatahitaji hotuba.

Kuna jambo moja la mwisho kuhusu vituo vya kulelea yatima, kwa sababu huko ndiko wengi mtakapokimbilia na mabegi yenu. Ramadhani na Krismasi wageni hufuatana getini, wengine na mpiga picha. Kisha miezi mingine kimya. Nenda mwezi wa Mei. Usiwapige watoto picha wakipokea viatu. Na kabla hujapakia chochote kwenye gari, piga simu umuulize mlezi wanahitaji nini. Akikujibu mchele, sabuni na taulo za kike, peleka mchele, sabuni na taulo za kike, na vitu vya kabati lako vitafutie njia nyingine.